Njano ya Limau

Katika maabara ya mimea, Sikudhani alidondosha dawa ya rangi katika vishimo vya kibao cha plastiki, na Bi Mwanamvua akainama kando yake kama anayechungulia kichanga kilicholala. Kishimo kimoja kilikuwa na maji yaliyokamuliwa kwenye machipukizi ya mlimau wa Bi Mwanamvua uliokuwa ukikauka, mti uliopandwa na marehemu binti yake. Kama homoni ya kuchipua ilikuwa imebaki humo, hata chembe tu, wangekata vipandikizi wakaviotesha. Kama haikuwemo, mti ungekuwa kuni.

"Mwanangu, tazama!" Bi Mwanamvua alimshika mkono. "Kinageuka njano! Changu kimevipita vyote!"

Sikudhani alikitazama kishimo. Katika kipimo hiki, homoni huizuia rangi. Ikiwemo, maji hubaki meupe. Isipokuwemo, ndipo njano hukolea. Kila mgeni humweleza hivyo kabla ya kuanza. Leo alisahau.

"Njano kama limau lenyewe!" Bi Mwanamvua alicheka, machozi yakimlengalenga. "Na wewe umenunia nini? Au humu ndani kucheka ni marufuku?"

"Mama..."

"Sema, mwanangu."

Sikudhani alivuta dawa ya kusimamisha rangi, lakini mkono wake ukabaki hewani. Bi Mwanamvua alikuwa amekwisha kufungua mkoba. Alitoa kitambaa alicholowesha maji nyumbani, akakikunjua mezani polepole, akakilainisha mikunjo kwa kiganja, tayari kupokea vipandikizi.

Katika kishimo, njano ilizidi kukolea.