Amuri Alipochukua Usukani

Amuri alikuwa amesimama katikati ya barabara, pale unapotoka Lusangi, mikono juu kama mtu anayezuia ng'ombe. Célestin alikanyaga breki kwa hasira, magunia ya mchele yakagongana nyuma.

"Unafanya nini huku?"

"Patron amenituma, yaya," Amuri alisema, akimwita kaka kama kawaida yake. "Pikipiki imeniacha hapa sasa hivi. Anasema gari iko inalia."

Gari lilikuwa likilia kweli. Tangu mvua za kwanza, jipi la Mama Soraya, patron wao, lilikuwa na mlio mwembamba wa kutoboa sikio, uliopanda kila Célestin alipoongeza mafuta na kushuka alipopunguza. Alishamwambia mwenye gari mara nyingi. Kila mara alijibiwa avumilie, mchele uuzwe kwanza. Leo, kwa matope haya, anamletea fundi kutoka Kasongo? Jambo hilo halikumwingia Célestin akilini.

"Fungua kapo," Amuri alisema, akigonga boneti.

Alisimika ncha ya bisibisi ndefu juu ya alteneta, mpini akautia sikioni. Akaamuru taa ziwashwe, mlio ukazidi. Akazima mashine, akavua mkanda, akawasha tena kidogo. Mashine ikanguruma bila kulia. Akaizima, kisha akazungusha gurudumu la alteneta kwa kidole, na wote wawili wakasikia mkwaruzo, kama mchanga kati ya meno.

"Gololi za ndani zimekwisha. Zikishika njiani, mkanda unakatika."

"Basi badilisha."

"Sina zingine. Mpaka Kasongo." Amuri alirudisha mkanda, akafuta mikono yake, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata. "Yaya, nipe volan. Mimi ndiye nitajua kama inataka kushika."

Célestin hakuwahi kumwachia mtu usukani wa gari lile. Njia ya Kabambare hadi Kasongo aliijua shimo kwa shimo. Lakini fundi alikuwa wa patron, na gari la patron. Alihamia upande wa pili, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni asiyekaribishwa.

Hakutulia. Alishusha kioo, akakipandisha. Kwenye kila shimo mguu wake ulikanyaga breki ambayo haikuwapo. Mlio ulipanda, ukashuka, ukapanda. Akamtazama Amuri kwa pembe ya jicho: kwa mtu anayeogopa alteneta kushika, mbona alikuwa anakimbiza gari hivi?

Walipofika kilimani, pale ambapo simu hupata mtandao, Amuri alisimama, akashuka, akaenda nyuma ya gari. Sauti yake ikaja vipande vipande.

"Ndiyo, mama... Niko naye... Hapana, bado hajui... Volan nimeichukua."

Kumbe ya sokoni yalikuwa ya kweli. Wiki nzima watu walinong'ona kwamba Mama Soraya anatafuta shofere kijana, naye Célestin alicheka tu. Akatoa simu yake haraka, akampigia mkewe, Dieudonnée. Hakuna mwingine aliyejua kumtuliza. Simu iliita, ikaita. Aliyepokea ni shemeji yake, Esther-Divine.

"Dada yako yuko wapi?"

"Amelala, shemeji."

"Mchana huu? Basi akiamka umwambie nakuja na habari mbaya."

"Uje tu, shemeji," Esther-Divine alisema, na simu ikakatika.

Amuri alirudi na macho mekundu. Angalau ana aibu, Célestin akawaza.

"Sema ulichotumwa. Mimi ni mtu muzima."

Amuri alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Tufike kwanza, yaya."

"Mama Soraya nimemukosea nini?"

"Haukumukosea kitu."

Walipita kibanda ambako Célestin hula ugali wake kila safari; Amuri hakupunguza hata mwendo. Mwanzo wa mji, vijana wa pikipiki waliozoea kumpigia Célestin kelele na kumtania walinyamaza. Mmoja alivua kofia. Kumbe Kasongo nzima imejua kabla yangu, alijisemea, na uso ukamwaka moto. Akaanza kupanga maneno. Angeingia depo, kwenye ghala la mchele, angesimama mbele ya Mama Soraya, angemkumbusha nani alilala na gari lile matopeni ili mchele usiibiwe. Asingelia. Asingeomba.

Lakini Amuri aliipita depo. Milango yake ilikuwa imefungwa, na ilikuwa siku ya soko. Gari likakata kona kuelekea mtaani kwa Célestin.

"Ah! Unanirudisha mpaka nyumbani, kama mulevi? Nishushe hapa! Nitatembea!"

Amuri aliendelea kuendesha. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta.

Mbele ya nyumba ya Célestin palikuwa na viti vya majirani wote, na turubai lililofungwa kutoka paani hadi kwenye mpapai. Amuri alizima mashine. Mlio ukakatika, kilio cha wanawake hakikukatika.

Mama Soraya alikuja miguu mitupu hadi mlangoni mwa gari, akamshika Célestin mkono. Nyuma yake, kwenye mkeka, walikaa Esther-Divine na ndugu zake wa kike, bega kwa bega. Macho ya Célestin yakapita juu yao mmoja mmoja, yakafika mwisho, yakarudi mwanzo, yakimtafuta mkubwa wao, Dieudonnée.