Bangili Imezima

Mahakama ilipompa binti yangu Mwanakheri miezi mitatu ya huduma kwa jamii, kwa kuvunja vioo vya shule, ilimvisha bangili. Ikiwaka, mikono yake huongozwa na mahakama, na madhara yoyote yanayofanywa na mikono hiyo ni dhima ya mahakama. Ikizima, dhima ni ya mzazi. Niliweka sahihi bila wasiwasi.

Walimpeleka chumba cha maiti, awe anawafunika marehemu shuka.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, nilimkuta akimfunika mdogo wake wa miezi minne. Alivuta shuka mpaka juu ya uso, akaichomeka kila upande, akaikaza. Nikaifunua. Mikono yake ikairudisha.

"Mwanakheri, acha."

"Si mimi, mama."

Nikampigia simu afisa anayesimamia adhabu yake.

"Bangili inawaka?" akauliza.

"Imezima."

"Basi hilo si letu, mama. Ni lako."

Akakata simu. Mwanakheri alikuwa ameikalia mikono yake, lakini vidole vilichomoza pembeni, vikitafuta pindo la shuka.

"Mama," akasema polepole, "mtoe mtoto humu."