Sindano ya Ukutani

Kila nyumba ilipewa sindano moja tu ya kuzibua mishipa ya damu ya utumbo, na ikishatumika hakuna nyingine. Ya Shemdoe, muuza nyama wa Korogwe, ilikaa ukutani ndani ya kisanduku chenye taa ya kijani.

Mchana mmoja mkewe alianguka jikoni akishika tumbo. Jasho lilimtoka, mikono ikawa ya baridi, na mapigo ya moyo yakaanza kufifia.

"Usiifungue, Baba Semeni," alisema. "Mgonjwa wa moyo ni wewe, damu yako ndiyo huganda na kuziba utumbo. Hiyo ni yako."

"Nyamaza, mwanamke. Nimeuza utumbo miaka thelathini. Uliokosa damu naujua, unakuwa mweusi kama mkaa."

"Kwa hiyo mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi angekuwa ameshanyamaza."

Alivunja kisanduku, akamchoma sindano pajani. Taa ikageuka nyekundu. Baada ya robo saa mikono ya mkewe ilipata joto, akaomba maji.

Tangu siku hiyo Mama Semeni hali chakula kwa raha. Mumewe akigusa tumbo, hata kwa kujikuna tu, yeye huacha kutafuna na kuitazama ile taa.

Wiki hii maumivu yameanza kumjia Shemdoe kila anapomaliza kula. Jana yalimkata vibaya, kijasho kikamtoka. Mkewe alikuwa anamtazama.

"Vipi, Baba Semeni?"

"Pilipili zako hizi zitaniua," alisema, mikono yote miwili ikiwa juu ya meza. Akamsogezea sahani. "Hebu niongezee wali."