Msumeno wa Bi Tausi

Mwinshehe alikuwa akikusanya bunduki kuukuu za mitutu miwili, akizitunza kwa mafuta na kitambaa laini. Asubuhi hiyo Bi Tausi, mjane wa mdogo wake, alimletea ile iliyofyatuka mawindoni ikamuua mumewe.

"Uliniahidi utaikata, shemeji."

Mwinshehe aliigeuza taratibu, akapapasa ndege waliochongwa kwenye chuma. "Za aina hii hazitengenezwi tena. Niachie niihifadhi."

"Ndugu yako hukumtazama hivyo hata siku ya maziko."

Bi Tausi akatungua msumeno wa chuma ukutani, akaikandamiza bunduki mezani, akaanza kuikata mitutu. Mwinshehe alisimama kando, kitambaa mkononi, chembe za chuma zikimwangukia miguuni.