Matope ya Muhanga

Masika yaliwakuta wanyama safarini, wakapiga kambi mteremkoni. Tumbili akaezeka kibanda, Nungunungu na mke wa Muhanga wakatandika nyasi kavu, lakini maji yakaanza kupenya chini.

"Ndugu yetu Muhanga," akasema Nungunungu, "mwenye makucha ni wewe. Tuchimbie mtaro, la sivyo tutalala majini."

Muhanga alichimba kutwa huku mvua ikimpiga mgongoni, hadi maji yakapita kando na kibanda kikakauka. Akarudi mlangoni akitetemeka kwa baridi, moyo umemjaa furaha.

"Simama hapo hapo!" Nungunungu akamzuia. "Utatuchafulia malazi."

"Matope haya ni ya mtaro wenu."

"Na tunashukuru sana. Jisafishe, ukauke, ndipo uingie."

"Nikauke wapi, na mvua hii?"

Muhanga akamtazama mkewe, aliyejikunyata katikati yao, pakavu. Mkewe akainamisha macho, akajivutia nyasi miguuni.

Muhanga akageuka. Mtaro ulikwisha kuanza kuziba. Akauzibua kwa ajili ya mkewe, kisha akashuka bondeni. Tangu siku hiyo muhanga huchimba peke yake, na hulala peke yake.