Swali la Muhula

Kila mwanachuo lazima aiulize serikali swali moja kwenye mdahalo wa muhula, la sivyo bomba la kwao hufungwa. Kwa kina Zuwena, ambaye hakuwa ameuliza bado, lilikuwa limekauka siku ya tatu sasa.

"Uliza lolote, mwanangu," mama yake alimsihi kwa simu. "Uliza hata habari za mvua. Nimechoka kuomba ndoo kwa jirani."

Zuwena alisimama ukumbini. Habari za mvua akaziacha.

"Kwa nini kiu ya mama zetu ndiyo fimbo yenu?"

Simu ikaita kabla hajaketi.

"Hongera, mwanangu! Maji yanatoka kwa kishindo," mama yake alicheka. "Na wageni wako wameshafika. Wapole hao! Nawabandikia chai. Wanataka tu kujua ni nani humu ndani aliyekufundisha kuuliza."