Sebule ya Mama

"Chimba zaidi," Kitinda alimwambia fundi wa makochi. "Hapo kushoto. Linatakiwa libonyee."

Fundi alimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kochi ndio kwanza limetoka kushonwa, na kazi yake maisha yote ilikuwa kuziba mabonde, si kuyachimba. Lakini mwenye kochi akishaamua, fundi atasema nini? Akatoa sponji, akaipunguza, akairudisha.

Mke wa Kitinda alikuwa juu ya stuli akitundika pazia la maua ya njano, la mtumba, alilolisaka sokoni mpaka miguu ikavimba. Redio ya mbao ilishawekwa dirishani. Zulia jipya walilifua na kulianika juani tena na tena, kusudi lichuje rangi.

Yote hayo kwa ajili ya mama. Tangu aletwe kuishi nao, kila jioni alivaa viatu, akaomba kwa adabu arudishwe nyumbani kwake. "Mgeni siku mbili, mwanangu. Mimi nimezidisha." Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani, barabara ikapita. Walipomwambia alilia kama aliyefiwa. Kesho yake akasahau, akavaa viatu tena. Wajukuu hakuwajua, wala mkwewe. Aliyemjua ni Kitinda peke yake, mtoto wake wa mwisho, na Kitinda alikuwa amechoka kumdanganya, amechoka kumzuia mlangoni, na hakujua tena la kufanya. Picha moja ya zamani, yeye na kaptula yake ya shule amekaa zuliani sebuleni kwa mama, ndiyo iliyompa wazo. Kama mama hawezi kurudi sebuleni kwake, basi sebule imfuate.

Jioni aliingizwa, mwanawe amemshika mkono.

"Polepole, Kitinda wangu, utaniangusha," alisema. Kisha akaiona sebule.

Akalipapasa pazia. Akawasha redio bila kuuliza inawashwaje. Akaliendea kochi moja kwa moja, akajitumbukiza kwenye lile bonde, akavua viatu.

Mkwewe aliziba mdomo kwa kiganja. Kitinda hakujificha; alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Hatimaye mama hakuomba kurudishwa kwake.

"Nimefika," mama alisema. "Mungu awabariki."

Alitulia kidogo, akisikiliza redio. Mara akatazama dirishani, akainuka. Akamshika Kitinda mkono, kwa heshima zote za mtu anayesindikiza wageni, akamwongoza hadi mlangoni.

"Msinielewe vibaya, baba, siwafukuzi," alisema. "Ila Kitinda wangu yu karibu kutoka shule, na akikuta watu asiowajua, haingii ndani."